Polisi wa Kiganjo na Golikipa wa Majengo

Siku ya tatu ya matanga ya kaka yangu nilikuwa jikoni nikiosha vikombe na wanawake wa jirani, nikawasikia wazee waliokaa nje chini ya turubai wakibishana. Wazee wa Majengo hawawezi kukaa pamoja bila kubishana, hata msibani, na nilishukuru kwamba angalau walikuwa wanabishana juu ya mpira. Mmoja wao, ambaye zamani alikuwa winga wetu wa kushoto na sasa anatembelea mkongojo, alikuwa anasema kwa sauti ya mtu mwenye hakika.

"Siku ile Kiganjo hawakutufunga. Marehemu alidaka kila kitu."

"Kila kitu," wenzake wakaitikia.

Nilifuta mikono, nikatoka mpaka mlangoni. "Tulifungwa moja, wazee wangu."

"Aa, mama, wewe ulikuwa mtoto."

"Nilikuwa mtoto mwenye macho. Ilipigwa kona kutoka upande wa mikaratusi, mtu wao akaruka, kichwa, ndani. Moja."

Winga alinitazama, akacheka mpaka akakohoa. "Ndiye huyu," akawaambia wenzake. "Huyu ndiye alikuwa macho ya nyanya yake. Huyu hamumuwezi, ongeeni mambo ingine."

Nilirudi kwenye vikombe vyangu. Lakini tangu siku ile kichwa changu kimekuwa kinanirudisha nyuma, na kwa kuwa sasa nyumba imenyamaza, wacha nikusimulie. Sikusoma sana, darasa la saba na basi, kwa hiyo usitarajie maneno makubwa. Nitasema nilichokiona.

Kaka yangu na mimi tulilelewa na nyanya pale Majengo, mjini Nyeri, katika ile miaka ya kwanza ya uhuru. Mama alikuwa ameolewa tena, akaenda kukaa Karatina. Baba hakuwapo, na habari yake nitaifikia. Nyanya alikuwa akiuza mandazi na njugu karanga. Aliamka kabla ya adhana ya alfajiri, nasi tukaamka naye, kaka akipasua kuni katika ukungu ule wa Nyeri ambao unaingia mpaka ndani ya blanketi, mimi nikitwanga iliki. Mpaka leo nikisikia harufu ya iliki mbichi mikono yangu inakuwa baridi.

Macho ya nyanya yalikuwa yameanza kuingia utando mweupe. Aliona mwanga na giza, aliona kwamba kuna mtu amesimama, lakini ni nani hakujua mpaka aseme. Unga aliujua kwa vidole, na mafuta alijua yameiva kwa mlio wake. Mengine yote alinitegemea mimi. Tukitembea njiani nilikuwa namwambia nani amepita, amebeba nini, amenuna au amecheka. Nilipojaribu kuongeza chumvi kidogo alinifinya. "Sikukuuliza unafikiria nini," alikuwa akisema. "Nimekuuliza umeona nini."

Biashara yetu ilikuwa na vituo viwili. Jumamosi mchana tulikaa mlangoni pa sinema. Jumapili mchana tulikaa uwanjani, nyuma ya goli. Kwa hiyo nilikua kati ya majambazi na wachezaji mpira, na sijawahi kujuta.

Nianze na majambazi. Watu wa rika langu wengi watakwambia walipenda filamu za Kihindi kwa sababu ya nyimbo, au zile za farasi na mavumbi. Mimi nasema bila kuogopa mtu: hakuna filamu iliyoshinda zile za majambazi wa Amerika, zile nyeusi na nyeupe, za makofia na makoti marefu. Rangi zilipokuja ziliharibu kila kitu. Damu ikiwa nyekundu sana unaona ni rangi, lakini damu nyeusi unaiamini. Halafu wale majambazi walikuwa na adabu. Walikula kwanza, tena kwa utulivu, leso shingoni, ndipo wakaenda kuua. Na hata aliyekuwa mbaya kuliko wote alikuwa na mama yake mahali, na akifika kwa mama alivua kofia na kusema polepole. Jirani yetu mmoja, fundi wa cherehani, alikwenda kuona filamu moja mara nyingi kwa sababu ya kola ya koti tu. Wiki ikiisha, utaona karani wa mjini anatembea sokoni na mabega ya jambazi.

Mwenye sinema alituruhusu watoto kuingia mandazi yakiisha, tukakaa kwenye mabenchi ya mbele kabisa, shingo zimepinda. Na hapo mbele, kando ya kitambaa cha picha, alisimama mtu tuliyemwita Msemaji. Alikuwa mzee aliyepigana vita vya Burma. Alikuwa na bomba la bati la kukuzia sauti ambalo fundi wa ndoo alimtengenezea, na kazi yake ilikuwa kutufasiria filamu kwa Kiswahili. Kiingereza alichojua kilikuwa cha kupiga gwaride. Mengine alitunga.

"Huyu wa kofia nyeupe," alikuwa akinguruma ndani ya bati, "ni tajiri wa Nanyuki. Huyu mwingine ametoka Karatina, mwangalieni macho, si mtu wa kuaminika huyo!" Watu wa Karatina waliokuwa ndani walipiga kelele. Na askari walipotokea na magari yao, Msemaji aliongeza sauti: "Haya sasa! Kiganjo wamefika! Mikono juu!"

Basi sinema nzima iliinua mikono juu na kuzomea, kwa sababu Kiganjo ndiko kwenye chuo cha polisi, na kila mtu alikijua. Ikawa desturi. Hata wazee wenye heshima zao waliinua mikono, kofia zao zimeinama, wanacheka kama watoto. Na mkubwa wa majambazi alipopigwa risasi mwishoni, Msemaji hakukubali tutoke na huzuni. "Msilie," alisema. "Huyo amezirai tu. Njooni Jumamosi ijayo mtamkuta." Na kweli tulirudi Jumamosi iliyofuata, tukamkuta mzima, anakula.

Sasa mpira. Timu ya Majengo haikuwa na kombe. Timu kubwa za Nairobi tulizisikia kwenye redio ya hoteli ya chai, tukazishabikia kama unavyomshabikia mtu usiyemjua, lakini Majengo ilikuwa yetu. Ilikuwa na winga niliyekwambia, aliyekimbia kama amekosea mtu. Ilikuwa na beki mchinjaji, asubuhi anachinja mbuzi na mchana anachinja miguu. Na golini alikuwa kaka yangu, mrefu, mikono mirefu, amevaa sweta ya kijani ambayo nyanya alimtilia viraka vya gunia viwikoni. Nimeona magolikipa wengi tangu wakati ule, wengine kwenye televisheni wanalipwa fedha za ajabu. Kaka alikuwa bora kwa jambo moja: hakuruka kama haikulazimu. Alijua mpira unakokwenda, akaenda kuungoja huko.

Msemaji naye alikuja uwanjani na bati lake. Jumapili akawa mtangazaji. Shida ni kwamba mpira aliutangaza kama alivyofasiri sinema. Tukifungwa aliweza kusema refa alikuwa tayari amepuliza filimbi. Goli la Nanyuki aliwahi kuliita upepo. Watu walifurahi, wakaenda nyumbani na matokeo ya Msemaji, na mpaka leo kuna wazee wanaoishi nayo.

Nyanya hakuwa mmoja wao. Alikaa juu ya kigoda nyuma ya goli la kaka, beseni mbele yake, na mimi ubavuni. "Wacha huyo na bati yake," aliniambia. "Wewe sema ile umeona." Nikasema. Mpira uko kwetu. Umetoka. Kaka amesogea kulia. Ameanguka. Ameinuka, goti linatoka damu. Sikuwa nashangilia mpaka nimalize kusema.

Ndipo ikaja habari kwamba Kiganjo wenyewe, wanafunzi wa polisi, watakuja kucheza na Majengo. Mji ulichangamka. Kwenye hoteli ya chai watu walicheka: majambazi na polisi, filamu bila kiingilio. Lakini kaka hakucheka. Siku moja tulipokuwa tunachota maji alitua ndoo, akatazama huku na huku.

"Kuna bwana mmoja wa Kiganjo amenitumia salamu," aliniambia. "Yule anayefundisha timu yao. Anasema akiniona nadaka vizuri atanitafutia nafasi ya kuandikwa."

"Kuandikwa wapi?"

"Wapi tena? Polisi."

Kila mtu nyumbani mwetu alijua kwa nini jambo hilo halisemwi. Wakati wa hali ya hatari ya wakoloni, mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni, watu wa Majengo walikusanywa na polisi kwenye uwanja ule ule wa mpira, wanaume upande mmoja, mikono juu, tangu asubuhi mpaka jua likawa kali. Baba alitolewa mstarini, akapandishwa lori, asirudi tena. Nyanya alikuwa anaona vizuri wakati ule. Aliliona lori likikata kona, na hilo ndilo alilokuwa nalo badala ya kaburi.

"Sasa ni polisi yetu," kaka aliniambia, kama ndiye mimi wa kushawishiwa. "Si wazungu tena. Mimi sijui kuuza mandazi. Nataka mshahara, nataka viatu. Yule bwana akija kuongea na mimi baada ya mchezo, usimwambie nyanya. Nitamwambia mwenyewe nikishaandikwa."

Sikumjibu. Alichukua ndoo yake akaenda, akidhani nimekubali.

Jumapili ile uwanja ulijaa mpaka watoto wakapanda mikaratusi. Mandazi yaliisha kabla mchezo haujaanza. Lori la Kiganjo lilipoingia, vijana wakashuka, viatu vyote vya aina moja, vimepigwa rangi, Msemaji akainua bati lake na kunguruma kile kilichotarajiwa: "Kiganjo wamefika! Mikono juu!"

Uwanja mzima ukainua mikono. Akina mama, wachuuzi, fundi wa cherehani, wachezaji wetu wenyewe. Hata wale polisi walicheka, mmoja akajifanya anatoa bastola kiunoni. Ilikuwa furaha tupu. Na mimi mikono yangu ilikuwa imeanza kupanda.

"Mbona kelele imebadilika?" nyanya aliuliza. "Wanafanya nini?"

"Wameinua mikono, nyanya. Watu wote. Wanacheza tu, ni ile ya sinema."

Mkono wake ulinitafuta, ukanishika mkono hapa juu ya kiwiko, ukaushusha mpaka mapajani. "Wewe usiinue," alisema. Hakusema kwa hasira. Nilimtazama usoni, nikaona kwamba yeye peke yake uwanja mzima alikuwa anaona kitu kingine. Ndipo nilipofahamu tulikuwa tunacheza mahali gani.

Mchezo nilimsimulia wote. Walikuwa na nguvu kuliko sisi, walikuwa wanakula nyama. Kaka alidaka ya chini, akapangua ya juu, akatoka golini akalala miguuni mwa mtu. Walipata penalti, maana beki wetu alikuwa amechinja mtu ndani ya boksi. Uwanja ulikufa. "Kaka amesimama katikati," nilisema. "Hasogei. Yule mtu anarudi nyuma. Anakuja. Kaka bado hasogei." Halafu nilishindwa kusema kwa sababu watu wote walikuwa wanapiga kelele, na nyanya ananitikisa bega. "Amefanya nini? Sema!" "Ameushika, nyanya. Ameushika na mikono miwili, amelala juu yake."

Nyanya alicheka kwa sauti. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo, na sikumsikia tena.

Kona ile iliyotufunga ilikuja mwishoni. Nilimwambia pia. Msemaji akatangaza kwamba mchezo umekwisha na hakuna aliyefungwa, watu wakashangilia, wakamwinua kaka mabegani. Alipowekwa chini, yule bwana wa Kiganjo akamwendea. Alikuwa na fimbo ndogo kwapani. Akamshika mkono, akauweka mwingine begani.

Kaka alinitazama juu ya bega la yule mtu. Alinitazama vizuri.

"Nasikia viatu," nyanya akasema. "Nani anaongea na kaka yako?"

Ningeweza kusema ni shabiki. Ningeweza kusema sioni, watu ni wengi. Ilikuwa rahisi, na kaka angepata muda wake. Lakini nilikuwa macho ya mtu, na jicho haliwezi kuchagua.

"Ni bwana wa Kiganjo," nilisema. "Amemshika mkono. Kaka anacheka."

Nyanya alikusanya magazeti yake ya kufungia, akageuza beseni juu chini kukung'uta chenga, akanipa mkono twende. Njia nzima hakuuliza nani amepita.

Kaka alipofika nyumbani alisimama mlangoni. Mimi hakunitazama. Nyanya alikuwa amekaa karibu na jiko.

"Wamekuita?" aliuliza.

"Wameniita, nyanya."

"Na wewe unataka?"

"Nataka."

"Unajua baba yako alitolewa wapi?"

"Najua. Lakini hawa si wale, nyanya."

"Yunifomu ni ile ile."

Maji ya chai yalichemka yakamwagikia makaa, na hakuna aliyeinuka. Mwishowe nyanya akasema, "Leo nimesikia watu wakitaja jina lako kwa furaha pale pale. Pale pale mahali nilisikia wakitaja la baba yako. Sitakuzuia. Lakini nyumba hii ni yangu. Hizo nguo zisipite mlango wangu."

Ndivyo ilivyokuwa. Kaka aliandikwa, akalindia timu ya polisi goli, akapandishwa cheo, akatumwa Nanyuki na kwingine. Alinisusia kwa muda mfupi, halafu akaniletea viatu, na hatukuongea tena juu ya jambo lile. Kila alipokuja likizo alipitia kwanza kwa fundi wa cherehani, akavua yunifomu nyuma ya pazia, fundi akaitundika kati ya makoti yake ya kijambazi na kuipiga pasi. Kaka alikuja nyumbani na sweta yake ya kijani. Majengo nzima ilijua. Watu walimtania njiani, "Afande, leo umejificha kama nani?" Naye alicheka. Ndani ya nyumba aliitwa mjukuu, akapewa chai, na hakuna aliyetaja kazi.

Hivyo ikaenda miaka mingi, mpaka nyanya akawa haoni hata mwanga. Mwezi wa Julai mmoja, baridi ikiwa kali, aliugua kifua, nikampigia kaka simu kituoni. Alikuja siku hiyo hiyo. Duka la fundi lilikuwa limefungwa, fundi amekwenda kuzika kwao. Nilimwona kaka kupitia mlango uliokuwa wazi kidogo, amesimama nje kwenye manyunyu, na koti la polisi, vifungo vyote, kofia mkononi. Alinitikisia kichwa: usiseme.

"Ni yeye?" nyanya aliuliza kitandani.

"Ni yeye."

"Mbona haingii? Amevaa nini?"

Kaka alikuwa ananitazama vile vile kama alivyonitazama uwanjani.

"Amevaa yunifomu, nyanya. Duka la fundi limefungwa."

Nyanya alivuta blanketi, pumzi yake ikikoroma. Halafu akasema, "Mwambie aingie. Kuna baridi huko nje."

Kaka aliingia, akapiga magoti. Nyanya alinyoosha mkono, akapapasa kola, akashuka kwenye kifua, kifungo kimoja baada ya kingine, kama alivyokuwa akipapasa unga. Kwenye kimoja akasimama. "Hiki ameshona nani?" aliuliza. "Kinalegea. Mtu mkubwa kama wewe." Akaniagiza sindano. Nilitia uzi mimi, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kazi yangu, naye akakishona kwa vidole, polepole, kaka akiwa amevaa, machozi yakimtoka bila sauti. Nyanya hakuniuliza kama analia, nami sikusema.

Alifariki kabla wiki haijaisha.

Sinema sasa ni duka la saruji na misumari. Uwanja upo, lakini mikaratusi imekatwa, na upande wa goli letu wamejenga vibanda vya simu. Msemaji alikufa zamani, na hakuna anayefasiri filamu, kila mtu anatazama ya kwake peke yake mkononi. Fundi wa cherehani amekwenda. Kaka naye tumemzika kwa sanda nyeupe kama kila mtu. Sisemi dunia imeharibika. Vijana wana mpira wao na majambazi wao, na wengine wanadaka vizuri, ingawa wanaruka mno.

Mimi niko sawa. Natembea, nakula, na daktari wa macho aliniambia juzi kwamba naona kuliko watu wadogo kwangu. Asubuhi naketi kizingitini, barabara nzima iko mbele yangu, nani amepita, amebeba nini, amenuna au amecheka. Naona yote. Hakuna anayeniuliza.